Basi la Nakawa Litapita Saa Ngapi?

Simama mbele ya Soko la Nakawa saa moja na nusu asubuhi, upande wa kwenda mjini. Teksi zinazotoka Kireka na Bweyogerere zinapita zimejaa, makonda wamefunga milango na hawakutazami. Dakika kumi hupati kiti. Mara zinatokea tatu zikifuatana: ya kwanza ina nafasi moja, ya pili ina nne, ya tatu karibu haina mtu. Rudi hapo saa tano, uvuke barabara hadi upande wa kwenda Mukono. Sasa gari lipo, limesimama, injini inanguruma, konda anaita "Kireka-Bweyo, Kireka-Bweyo", nawe umekaa ndani robo saa ukingoja viti 14 vijae.

Asubuhi abiria hulingoja gari, mchana gari humngoja abiria. Kwa anayetazama juu juu, hayo ni matatizo mawili, moja la uhaba na jingine la wingi. Kwa mpangaji wa usafiri ni tatizo moja: hakuna aliyeamua gari lipi liondoke wapi, saa ngapi, na nani aliendeshe. Uamuzi huo ndio unaoitwa ratiba. Hapa nitaeleza jinsi unavyofanywa, nikitumia njia hii hii ya Nakawa, kisha nitasema kama Kampala inaweza kuwa nayo. Kwa msomaji wa nje ya Uganda, teksi ya Kampala ndiyo daladala ya Dar es Salaam na matatu ya Nairobi.

Tuanze na mahali penyewe. Nakawa ni mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala, lakini abiria akisema "nashuka Nakawa" ana maana ya pale sokoni. Barabara ya Jinja inapita hapo ikitoka katikati ya jiji kwenda mashariki. Magari ya Luzira na Kitintale yanaingia kwa Barabara ya New Port Bell, na ya Ntinda yanaingia kwenye makutano ya Spear Motors. Juu ya hayo yote, hii ndiyo njia ya malori yanayotoka mipaka ya Malaba na Busia. Chuo cha biashara cha MUBS kipo hapo, jengo refu la Mamlaka ya Mapato ya Uganda lipo hapo, na Chuo Kikuu cha Kyambogo kiko mbele kidogo. Mahali ambapo watu wengi wanapanda na kushuka ndipo magari yanapokwama.

Sasa tuchukue ubao. Chora mstari wa chini uwe saa za siku, na mstari wa pembeni uwe vituo: katikati ya jiji, Nakawa, Banda, Kireka, Bweyogerere. Basi linalotoka mjini ni mstari unaopanda kwenda kulia. Likirudi, mstari unashuka. Likisimama, mstari unalala. Wapangaji wa reli wamechora hivi tangu karne ya 19, na hadi leo sijaona njia iliyo bora zaidi ya kumwonyesha mtu asiye fundi kinachotokea barabarani.

Mchoro huo unatupa maneno manne. Muda wa mwendo ni dakika kutoka mwisho mmoja wa njia hadi mwingine, vituo vikiwemo. Akiba ni dakika ambazo basi linasimama mwisho wa njia kabla ya kugeuza. Humo dereva anapumzika, na humo ucheleweshaji wa safari iliyopita unamezwa. Mzunguko ni jumla ya mwendo wa kwenda, mwendo wa kurudi na akiba za pande zote mbili. Pengo ni muda kati ya basi moja na linalofuata, ukiwa umesimama kituo kimoja.

Maneno hayo yanaungana kwa hesabu ya darasa la nne: idadi ya mabasi ni mzunguko ugawe kwa pengo. Tuchukue namba za mfano, si za kipimo. Asubuhi kwenda Bweyogerere ni dakika 45, kurudi mjini ni 50, akiba ni 10 kila upande. Mzunguko ni dakika 115. Tukitaka basi kila dakika 10, tunahitaji mabasi 11 na nusu. Nusu basi halipo, kwa hiyo ni mabasi 12, mzunguko unakuwa 120, na dakika tano zilizozidi zinaongezwa kwenye akiba. Mchana barabara ikifunguka, kwenda ni 30, kurudi 32, akiba tisa kila upande: mzunguko wa 80, mabasi manane. Jioni kutoka mjini ni 65, kurudi 45, akiba 20 kwa jumla: 130, mabasi 13. Kumbuka namba hizi tatu, 12, 8 na 13, maana tutazirudia tukifika kwa madereva.

Hadi hapa hesabu ni rahisi. Ugumu unaanza ukiuliza: hizo dakika 50 za kurudi zimetoka wapi?

Barabara ya Jinja haina muda mmoja wa mwendo. Ina muda wa Jumatatu na wa Ijumaa, wa mvua na wa jua, wa shule zimefunguliwa na wa likizo. Makutano yana taa, lakini mara nyingi ni askari wa trafiki anayeongoza magari kwa mkono, na mkono wa leo si mkono wa jana. Ongeza abiria anayepaza sauti "maaso awo!" (hapo mbele) na gari linasimama pale alipotaka yeye, hatua hamsini kabla ya steji. Kila tendo ni dogo. Yakijumlishwa, safari mbili za saa ile ile zinapishana kwa robo saa.

Kwa hiyo mpangaji hapimi mara moja. Anapima, tuseme, asubuhi 20, kisha anaziandika kuanzia fupi hadi ndefu. Kishawishi ni kuchukua wastani. Lakini ukiweka wastani kwenye ratiba, umeamua tangu mwanzo kwamba karibu nusu ya safari zitachelewa. Desturi ya wapangaji wengi ni kutazama juu zaidi: safari ya 17 kati ya 20, yaani muda unaotosha kwa asilimia 85 ya siku. Tuseme ile ya katikati ilikuwa dakika 50 na ya 17 ilikuwa 60. Tofauti ya dakika kumi ndiyo bei ya kuaminika, na ni lazima iwekwe mahali fulani.

Iwekwe wapi? Ukiichanganya ndani ya muda wa mwendo, siku nzuri basi litafika Banda mapema, na dereva atakuwa na mambo mawili ya kuchagua: apite kabla ya saa, aliyefika kwa wakati aachwe, au ajikokote barabarani huku abiria wakilalamika. Ukiiweka mwisho wa njia, basi linakwenda kwa mwendo wake, na ziada au upungufu unalipwa pale linapogeuza. Kiasi kidogo kinafaa kuwekwa katikati, kwenye kituo kimoja ambapo basi lililowahi linasubiri saa yake. Kwa njia hii kituo hicho kingekuwa Nakawa.

Tazama kazi ya akiba kwa karibu. Basi limefika Bweyogerere limechelewa dakika 12. Akiba ni 10, kwa hiyo linaondoka limechelewa mbili, na abiria hawatambui. Sasa punguza akiba iwe tatu. Linaondoka limechelewa tisa. Katika dakika hizo tisa watu wameongezeka Kireka na Banda, kwa hiyo linatumia muda zaidi kupakia na linazidi kuchelewa. Basi la nyuma yake linakuta vituo vimefagiliwa, halina wa kupakia, na linalikaribia la mbele. Baada ya mizunguko miwili yanatembea pamoja, la mbele limefurika na la nyuma ni tupu. Gordon Newell na Renfrey Potts walilieleza jambo hili kihisabati mwaka 1964: mabasi yakiachwa yenyewe huandamana. Hakuna dereva mwenye kosa hapo. Zile teksi tatu za asubuhi mbele ya soko ni mfano wake.

Abiria analipia maandamano hayo kwa kungoja, na hesabu yake inastahili kufanywa polepole. Mabasi yakipita kila dakika 10 sawasawa, mtu anayefika kituoni bila kujua saa atangoja wastani wa dakika tano. Sasa mapengo yawe 16, kisha 4, kisha 16, kisha 4. Idadi ya mabasi kwa saa ni ile ile. Lakini katika kila watu 20 wanaofika, 16 wanaangukia pengo refu na kungoja wastani wa dakika nane. Wanne tu wanaangukia pengo fupi na kungoja mbili. Wastani wa wote ni dakika 6.8. Mabasi hayakupungua hata moja, na kusubiri kumeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Yakiandamana kabisa, mawili mawili kila dakika 20, kusubiri ni dakika 10, mara mbili ya mwanzo. Ndiyo maana abiria huapa kwamba mabasi ni machache na mwenye mabasi huapa kwamba ni mengi. Wote wawili wanasema kweli.

Jambo linazidi ugumu mtandao unapokua, na upande huu wa Kampala unakua kweli: Kira, Najjeera, Namugongo, Kyaliwajjala. Tuseme njia tatu zinatoka pande tofauti na zote zinapita Nakawa kwenda mjini, kila moja ikiwa na basi kila dakika 15. Zikipangwa kwa kupishana, Nakawa inapata basi kila dakika tano. Kila njia ikijipangia peke yake, zote tatu zinaweza kufika Nakawa dakika moja, kisha pakawa kimya robo saa. Faida ya mtandao inapatikana kwa mtu mmoja kushika kalamu moja juu ya ubao mmoja. Hapo Kampala ina kikwazo ambacho si cha kihisabati. Banda iko ndani ya jiji, chini ya KCCA, Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala. Kireka na Bweyogerere, hatua chache mbele, ziko katika Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Endelea tena, unaingia Mukono, wilaya nyingine. Abiria hajui amevuka mpaka lini, lakini ratiba inajua, kwa sababu kila steji ina mwenye kuitoza na kuiruhusu.

Tugeukie sasa watu wanaoendesha. Katika mijadala ya usafiri sehemu hii huachwa mwisho, kana kwamba madereva hupatikana tu mabasi yakishapatikana. Mimi naona ndiyo kiini.

Huduma ikianza saa 11 alfajiri na kuisha saa 4 usiku, basi linatembea saa 17 kwa siku, saa 119 kwa wiki. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inaweka kazi ya kawaida isizidi saa 48 kwa wiki, na hata kwa makubaliano isivuke saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki, pamoja na siku ya kupumzika baada ya siku sita. Gawa 119 kwa 48: kila basi la kutwa linahitaji madereva wawili na nusu. Hapo hatujahesabu dakika za kukagua tairi na breki kabla ya kutoka, mwendo mtupu kutoka gereji, likizo, malaria, msiba. Mpangaji mwangalifu huandika watatu. Mabasi manane ya kutwa, madereva 24, na bado hatujagusa mabasi ya ziada ya asubuhi na jioni.

Hayo ya ziada ndiyo fumbo. Asubuhi mabasi 12, mchana 8, jioni 13. Mabasi manne ya asubuhi yanatoka saa 12 na yanarudi saa 3 na nusu; matano ya jioni yanatoka saa 10 na yanarudi saa 2 usiku. Jibu la haraka ni zamu ya vipande viwili: dereva yule yule afanye asubuhi, aende zake, arudi jioni. Kwenye karatasi amefanya saa 7 na nusu, na sheria imeheshimiwa. Katika maisha yake ameondoka nyumbani kabla ya saa 12 asubuhi na anarudi baada ya saa 2 usiku, na katikati ana saa 6 na nusu ambazo hazitoshi kwenda nyumbani, tuseme Mukono, kulala na kurudi. Atazitumia wapi? Chini ya mwembe, kwenye kiti cha basi, au akiendesha boda boda kujiongezea kipato. Saa 11 jioni mtu huyo amechoka, na mbele yake ana makutano ya Nakawa.

Kuna namna nyingine, nayo ndiyo ufundi wa kazi hii. Kata siku katika vipande vifupi, kisha viunganishe upya. Dereva aliyeanza saa 11 alfajiri na basi la kutwa anafaa apumzike kufikia saa 3 na nusu au saa 4. Wakati huo huo madereva wanne wa mabasi ya ziada wameshayarudisha. Wao wanashika mabasi ya kutwa kwa nusu saa nusu saa, wenzao wanakula, kisha baadhi wanaendelea hadi zamu ya mchana ifike. Zamu zinakuwa nzima, pumziko linakuwa la kweli, na vipande viwili vinabaki kwa wachache waliokubali kwa malipo ya ziada. Uingereza, kwa mfano, dereva wa basi la mjini hatakiwi kuendesha zaidi ya saa 5 na nusu bila kupumzika dakika 30. Kanuni ya namna hiyo, ikiwekwa ubaoni kabla ya kukata vipande, inabadili mchoro wote.

Ili kubadilishana dereva njiani kunatakiwa mahali. Si popote. Pawe karibu na katikati ya njia, dereva anayeingia aweze kufika kwa usafiri wa kawaida, basi liweze kusimama dakika mbili bila kuziba barabara, na pawe na choo, maji na kivuli. Nakawa inafaa kwa masharti yote isipokuwa lile la kutoziba barabara, ambalo ni la kujengwa. Tazama jambo hilo likifanywa vizuri: dereva anayetoka anazima injini, anashuka na kitambaa chake cha jasho begani, anamwambia mwenzake breki ya mguu inashuka kidogo, anatia sahihi kwenye daftari, na yule mwingine anasogeza kiti mbele kwa sababu ni mfupi. Dakika moja na nusu. Zisipoandikwa kwenye ratiba, kila ubadilishanaji unachelewesha basi kwa kiasi hicho na hakuna atakayejua zilikokwenda.

Idadi ya namna za kuunganisha vipande hupanda haraka kuliko mtu anavyodhani. Kwa mabasi 13, mtu mwenye penseli na kifutio anaweza kupata mpango mzuri kwa siku mbili au tatu. Kwa mabasi mia moja hawezi, na miji mikubwa hutumia kompyuta. Programu iitwayo HASTUS, ya kampuni ya GIRO ya Montreal nchini Canada, ni moja ya zile zilizoenea sana. Lakini kompyuta hupanga namba ulizoipa. Ukiipa muda wa mwendo wa kubahatisha, itakupa zamu zilizopangwa kwa usahihi mkubwa kwa ajili ya barabara isiyokuwepo. Mabasi ya umeme, kama Kayoola ya Kiira Motors, yanaongeza sharti jingine ubaoni, muda wa kuchaji, nalo laweza kuwa msaada: yale mabasi yanayolala mchana yana saa za kuchaji bila kuvuruga mtu.

Sasa turudi kwenye teksi ya saa tano iliyokungojesha robo saa. Ni rahisi kumlaumu dereva. Fuata hesabu yake kwanza. Gari si lake. Kila siku kuna kiasi anachompelekea mwenye gari, kile ambacho Dar es Salaam huitwa hesabu ya tajiri. Kuna mafuta. Kuna malipo ya steji. Kinachobaki, baada ya kugawana na konda, ndicho mshahara. Akiondoka na viti sita vitupu, nauli sita zimetoka mfukoni mwake, si mwa tajiri. Kungoja gari lijae ni akili timamu kwa mtu aliyebebeshwa hatari yote. Mpe karatasi yenye saa za kuondoka, na umemwomba alipie uaminifu wa ratiba kwa chakula cha watoto wake.

Hapo pia zamu zinakosa maana. Anayelipwa kwa hesabu hataki mwenzake ampokee saa 7 mchana, maana faida ya siku huenda iko jioni. Anaendesha saa 14 au 15, na akichoka anampa usukani dereva wa akiba asiye na mkataba, yule ambaye Dar humwita deiwaka na Nairobi skwodi. Kenya ililiona hili mapema: kanuni zilizobeba jina la Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliwataka wenye matatu waajiri wafanyakazi wao kwa kudumu na kuwalipa mshahara. Mikanda na vidhibiti mwendo vilivyotakiwa na kanuni hizo vilionekana kwa macho barabarani. Ajira haionekani kwa macho, na malipo ya hesabu yaliendelea.

Kampala nayo imejaribu mabasi makubwa. Mwezi Machi 2012 Pioneer Easy Bus ilianza na mabasi 100, na mwishoni mwa 2013 yalisimama kwa mgogoro wa kodi. Mengi yamesemwa juu ya kodi. Kwa somo letu la leo ninachokiangalia ni kingine: mabasi yale yalitembea katika barabara zile zile, ndani ya msongamano ule ule na teksi, bila njia yake. Basi kubwa katika msongamano lina muda wa mwendo unaoyumba kama wa teksi, na halina wepesi wa teksi wa kukwepa.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Mfumo wa mabasi ya Mwendokasi ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni una barabara yake katikati ya Morogoro Road, na nauli inalipwa kabla ya kupanda. Mambo hayo mawili, njia na malipo ya kituoni, yanapunguza kuyumba kwa muda wa mwendo kuliko ujanja wowote wa ubaoni. Hata hivyo wakazi wa Kimara wanajua habari ya kungoja kituoni, na wanajua bonde la Jangwani: karakana ilijengwa pale, Mto Msimbazi ukafurika zaidi ya mara moja, na huduma ikasimama. Barabara ya peke yake haikuondoa haja ya mabasi ya kutosha na akiba ya kutosha. Treni ya abiria ya Kampala kwenda Namanve, iliyoanza Desemba 2015, inaonyesha upande wa pili: ina saa zake kwa sababu reli ni yake, lakini safari zake chache za asubuhi na jioni haziwezi kumbeba mwenye kibanda sokoni anayefunga saa nane.

Baada ya kupita hatua zote hizi, hukumu yangu ni kwamba ratiba inawezekana Nakawa hata kabla ya barabara ya mabasi peke yake kujengwa, lakini kwa mpangilio tofauti na ule unaotangazwa kwa kawaida. Magari yasiwe ya kwanza. La kwanza liwe mkataba unaomlipa dereva kwa saa na mwenye basi kwa kilomita, nauli ikienda kwenye mfuko mmoja. La pili, kupima muda wa mwendo kwa wiki kadhaa, shule zikiwa wazi. La tatu, kuchora mabasi na zamu kwenye ubao mmoja siku moja. Kununua kufuate, kwa idadi iliyotokana na ule mgawanyo wa mzunguko kwa pengo, si na ukubwa wa mkopo.

Pia wasiahidi wasichoweza. Asubuhi na jioni, abiria wa Nakawa hahitaji kuambiwa basi la saa 1:37. Pengo likiwa dakika 10 au chini, watu hufika kituoni bila kutazama saa; waahidiwe pengo, na msimamizi wa Nakawa awe na mamlaka ya kulizuia basi dakika tatu ili lisiandamane na la mbele, hata walio ndani wakinung'unika. Alfajiri na usiku ni kinyume. Pengo likiwa nusu saa, muuguzi anayetoka zamu saa 3 usiku anahitaji saa kamili, na hapo barabara tupu inaruhusu kuahidi. Kwa dereva wa basi la saa 11 alfajiri pawepo gari la kumchukua nyumbani, maana basi la kwanza haliwezi kumleta dereva wa basi la kwanza.

Gharama kubwa iliyobaki ndiyo itakayoshambuliwa. Katika mfano wetu wa asubuhi, dakika 25 kati ya 120 za kila mzunguko ni akiba. Maana yake ni kwamba kati ya mabasi 12, wakati wowote mawili au matatu yamesimama mwisho wa njia. Mwezi wa kwanza mtu atapita Bweyogerere, aone mabasi mawili yamezimwa na madereva wanakunywa chai, huku Nakawa watu wamepanga foleni. Atapiga picha. Mhasibu atauliza kwa nini kazi isifanywe kwa mabasi 10. Msimamizi atakayekuwa zamu siku hiyo awe na ukurasa wa mkataba wa kumwonyesha, unaosema dakika zile zimelipiwa, ni za basi linaloondoka saa 2:10, na hakuna mwenye ruhusa ya kuzikata bila kupima barabara upya.